Usianze na Ukurasa wa Mwisho

Bab el-Oued, 4 Oktoba 1986

Kwa mpwa wangu Wassila, mwalimu wa watoto wa mchangani,

Pokea salamu zenye chumvi ya bahari, maana huko jangwani Adrar najua hamna. Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Mama yako alikuja Ijumaa kutoka Blida na kuskusi yake imefungwa kwa taulo, akanitazama, akasema nimekonda. Dada yangu Ouardia ananiona nimekonda tangu nilipoanza kutembea, kwa hiyo usihangaike. Mguu wa baba yako umepona. Zoubida wa ghorofa ya juu bado anapika maharage kila siku ya Mungu na bado anamgombeza mumewe kwenye ngazi. Hayo ndiyo mapya, yaani hakuna jipya.

Umeniuliza kustaafu kukoje. Kutamu, na anayelalamika hajui kuishi. Maisha yangu yote nimesimama kando ya mitambo ya kuchapa magazeti, nimewapelekea watu habari za dunia bila kupata nafasi ya kuzisoma. Sasa nasoma. Asubuhi kahawa, kisha ndege wangu, kisha kitabu, kisha garantita, ule mkate laini wa unga wa dengu, ya moto ndani ya mkate pale kwenye kona, usingizi, kitabu tena. Mfalme gani ananizidi?

Nimemaliza riwaya nene ya ukoo wa wafanyabiashara wa chumvi. Sikuipenda. Watu wanakufa mfululizo, hujamzoea mmoja ameshazikwa. Mwandishi anayeua watu upesi hivyo ni kwamba hajui awafanyie nini. Lakini maelezo ya chakula ni mazuri mno, nilisoma nikala mara mbili.

Wewe nimekutumia cha upelelezi. Mfanyabiashara wa mazulia anakutwa amekufa, amekunjwa ndani ya zulia lake mwenyewe. Ukifika mwisho usishtuke: kurasa za mwisho nimezikata kwa wembe wa Slimane kinyozi, nazo ziko kwangu, ndani ya kopo la sukari. Tangu utoto unaanza kitabu kwa kusoma mwisho. Hiyo ni tabia ya mtu anayeonja mchuzi jikoni kisha anakataa kukaa mezani. Safari hii utakaa mezani.

Na usinipigie simu dukani kwa Slimane. Simu ni ya misiba na ya kuagiza unga. Anayetaka kuongea nami aandike.

Mjomba wako,
Rezki


Adrar, 28 Oktoba 1986

Mjomba wangu mpendwa, mwizi wa kurasa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa mkono mmoja, wa pili nimeshika fimbo.

Huku tu wazima. Upepo umetutembelea siku tatu, tumekula mchanga, tumekunywa mchanga, na mkuu wa shule bado anataka madaftari yawe safi. Wanafunzi wangu wananiuliza kama ni kweli baharini maji hayaishi. Nikiwaambia hayaishi, wanatazamana kama wanaosema, mwalimu wetu mzuri, ila anadanganya. Nimepanda nyanya kwenye makopo ya rangi. Mbuzi wa jirani amekula zote isipokuwa moja, nayo nimeipa ulinzi kuliko benki.

Sasa kesi yetu. Kitabu cha mazulia nimekisoma kwa usiku mmoja na nusu, nikafika kwenye ule mkato, nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Nasema ni shemeji yake. Mtu anayelia sana msibani kisha akauliza chakula kiko wapi, huyo ndiye. Nirushie kurasa zangu!

Na unanionea. Mimi sisomi mwisho kwa uroho. Nasoma mwisho kwanza ili nisisome kwa woga. Nikishajua nani atakufa, natulia, namtazama vizuri anavyoishi. Wewe unasoma huku umeshika roho mkononi, halafu unanicheka mimi.

Jambo moja. Kabla barua yako haijafika nilipiga simu dukani. Slimane akasema, "Yupo, yupo kitini, namnyoa!" Nikamsikia anakuita. Akakuita tena kwa nguvu. Tena kwa nguvu zaidi. Kisha akarudi akaniambia umetoka. Mjomba, ulitokaje na sabuni mashavuni?

Nakubusu kichwani,
Wassila


Bab el-Oued, 22 Novemba 1986

Kwa Wassila, mlinzi wa nyanya,

Salamu kwako na kwa hiyo nyanya iliyobaki. Mvua imeanza, bahari imechafuka, sardini zimepanda bei na watu wamepata la kulalamikia. Mama yako amenifumia fulana ya sufu yenye kola inayoninyonga. Naivaa anapokuja.

Si shemeji. Endelea kufikiri.

Sasa kaa vizuri nikuhadithie habari za Bey. Marehemu Pasha unamkumbuka, yule chiriku wangu mwenye uso mwekundu uliyekuwa ukimpa mbegu za mbigili kwa ncha ya ulimi ukiwa mdogo, mama yako akipiga kelele. Hajatokea chiriku kama Pasha katika mtaa huu. Bey ni wa damu yake, ameanguliwa humu humu ndani mwaka huu, na ninamfundisha wimbo wote. Kila asubuhi nafunika tundu lake kwa kitambaa cheusi, naweka redio kaseti mezani, nabonyeza, na Pasha anamfundisha mjukuu wake. Chiriku mchanga ni kama mtoto wa chuoni, anashika anachokisikia, kizuri na kibaya. Asisikie shomoro, asisikie honi. Dirisha la barabarani nimelifunga kabisa. Nimeacha wazi kidirisha cha jikoni tu, kile kinachotazama uwazi wa katikati ya jengo, apate hewa.

Kaseti hiyo unaijua. Niliirekodi jikoni, Tassadit wangu akiwa hai. Pasha akishamaliza, yeye anasikika: "Rezki, kahawa inapoa." Mungu amrehemu mke wangu. Kwa hiyo asubuhi zangu zina watu, usidhani nakaa peke yangu.

Na Bey ameanza kuimba! Ukimtazama koo linavyocheza, ni Pasha mtupu. Mwezi wa nne, kabla ya Ramadhani, wapenzi wa chiriku watakutana mkahawani kusikiliza ndege wachanga. Kiti cha mwamuzi unajua ni cha nani. Nimewaambia wote: Bey asipotoa wimbo wa Pasha mzima, hadi kile kipande cha maji yanayodondoka, kiti nakiacha siku hiyo hiyo mbele yenu. Slimane akashika shavu kama anaumwa jino. Wivu, mwanangu.

Kitu kimoja kinaniudhi siku hizi. Watu wamekuwa wanaongea kama wana tende mdomoni. Zamani mtu akisema "habari za asubuhi" unajua amesema. Sasa wanatafuna maneno. Ndiyo maana vitabu ni bora: kitabu hakimung'unyi.

Likizo ya baridi njoo ukae kwangu. Utamsikia mwenyewe.

Mjomba wako,
Rezki


Adrar, 14 Januari 1987

Mjomba wangu,

Shikamoo, na asante kwa siku zote nilizokaa kwako. Nilifika salama. Basi liliharibika njiani, tukalala kwenye kituo cha mafuta, dereva akatuimbia. Aliimba vibaya lakini kwa moyo. Nyanya yangu nilikuta imeiva, nikaigawa vipande na jirani, hata mwenye mbuzi nilimpa.

Sardini zako zilikuwa tamu. Ule mjadala wetu kuhusu washairi bado nashikilia: mshairi anayeomba radhi kwenye utangulizi asinunuliwe. Na nimeanza kile kitabu cha safari ulichonipa. Mwandishi anajisifu mno, lakini anajua kutembea.

Bey ni ndege mzuri. Manyoya yanang'aa na ana nguvu. Uliponiuliza, "Umesikia?" nilijibu, "Nimesikia." Nilisikia kweli.

Mjomba, ile redio kaseti yako ni ya zamani. Ungempa fundi aitazame. Na mkutano wa mwezi wa nne, si lazima Bey aende mwaka huu, bado mdogo. Mwaka ujao si upo?

Baridi imeingia huku, nalala na soksi. Mwambie mama.

Wassila


Bab el-Oued, 6 Februari 1987

Kwa Wassila,

Salamu. Sote wazima. Mama yako amesikia habari za soksi, amefurahi.

Barua yako nimeisoma mara mbili kutafuta chumvi, sijaiona. Ni supu ya hospitali. Mpwa wangu ninayemjua anabishana na kaburi, leo ananiandikia "Bey ni ndege mzuri, manyoya yanang'aa". Manyoya! Nimekuuliza kuhusu manyoya? Kuku pia ana manyoya.

Redio yangu haina kasoro. Naibonyeza kila asubuhi na magurudumu ya kaseti yanazunguka bila kukwama. Na Bey si mdogo. Unanishauri nimfiche ndege wangu kama binti mwenye upele?

Niliona siku ile, wewe na mama yako mmesimama mlangoni mwa jikoni, midomo inacheza, nikageuka mkanyamaza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mimi sitaki sifa. Nataka neno. Umekulia kwenye wimbo wa Pasha, una sikio, nilikupa mimi. Basi niandikie kama mtu mzima: katika wimbo wa Bey, ni kipande gani ulichokipenda? Kimoja tu.

Ninasoma riwaya ya daktari anayependa mke wa adui yake. Kurasa mia amemtazama tu. Natamani kumsukuma.

Rezki


Adrar, 25 Februari 1987

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Leo sina habari za mbuzi.

Unanijua, nitaanza na mwisho. Mjomba, husikii.

Sasa nirudi mwanzo.

Asubuhi ya pili nilipokuwa kwako, ulinikalisha jikoni ukasema nisiongee. Ukafunika tundu, ukabonyeza redio. Magurudumu yalizunguka. Uliketi, ukafumba macho, vidole vyako vikawa vinapiga mezani taratibu, navyo vilikuwa sahihi, kila kipande cha Pasha mahali pake. Kisha ukanyanyua kidole, pale pale ambapo siku zote husikika sauti yake. Ukatabasamu. Ukasema, "Kahawa inapoa."

Redio ilikuwa kimya, Mjomba. Haikutoa hata mkwaruzo. Ilikuwa inazunguka tu.

Ulipoondoa kitambaa, Bey aliimba. Kwanza psss ndefu. Kisha tik-tik-tik-tik, haraka haraka. Kisha psss nyingine, fupi, kama mtu anayefungua mfuniko. Niligeuka kutazama kidirisha cha jikoni, na kutoka juu kwa Zoubida ikaja psss ile ile, kwenye sufuria yake ya presha. Bey akaijibu. Huo ndio wimbo alioshika. Hakuna mwingine aliousikia tangu aanguliwe.

Ukaniuliza, "Umesikia?" Na mimi, ninayebishana na kaburi, nikasema nimesikia.

Mama anajua. Slimane anajua, ndiyo maana simu yangu hukuipokea. Nadhani mkahawa mzima unajua. Wote wanakuinamia na kusema Bey anaimba vizuri, na wanaiita heshima. Nimeitazama hiyo heshima naona inakokupeleka: mwezi wa nne utatundika tundu mbele ya watu wote, na wewe peke yako hutajua wanachokisikia. Siwezi. Heri unichukie. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hili wala si ugonjwa wa kuua. Ni mitambo ya magazeti imekula masikio yako, na hospitali zina vifaa vya hayo.

Umeuliza kipande nilichokipenda. Nilikipenda pale uliponyanyua kidole.

Nimeandika barua hii nikilia na sioni haya kusema.

Wassila


Adrar, 30 Machi 1987

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema u mzima na unakula, ila hutaji jina langu. Sawa. Nimepanda nyanya mpya. Kitabu cha safari nimekimaliza, na kwa mara ya kwanza maishani nimekisoma kuanzia mwanzo. Sikupenda, niliogopa njia nzima.

Nangoja.

Wassila


Bab el-Oued, 25 Aprili 1987

Kwa Wassila, asiye na adabu,

Isome barua hii kwa mpangilio. Nakukataza kugeuza karatasi.

Salamu kwanza. Mama yako mzima, anatengeneza maji ya maua ya mchungwa, nyumba yao yote inanukia hadi paka anapiga chafya. Baba yako amenunua kofia mpya inayomfanya aonekane mwizi wa kuku. Hapa mtaani wameshaanza kupaka kuta chokaa kwa ajili ya Ramadhani. Yule daktari wa kwenye riwaya hatimaye alimgusa mkono yule mwanamke, kitabu kikaisha. Nilikitupa, nikakiokota, kwa kweli kilikuwa kizuri.

Haya. Barua yako ya mwezi wa pili niliichukia. Wewe pia nilikuchukia, wiki nzima, kwa bidii. Nikasema, huyu nimemlisha sardini kwa mkono wangu, leo ananiandikia neno moja kama hakimu. Nikakuita majina ambayo mama yako asiyajue.

Kisha asubuhi moja nikabonyeza redio, na badala ya kufumba macho nikaweka kiganja juu ya spika. Mtu aliyeishi na mitambo anajua kinachofanya kazi kwa kukigusa. Magurudumu yalizunguka, na spika imetulia kama ukuta. Nikaifungua kwa bisibisi. Waya umekatika. Tangu lini, Mungu ndiye anajua. Niliketi pale, nikaona aibu mbele ya ndege.

Nikashuka kwa Slimane. Alikuwa ananyoa mtu.

Nikamwambia, "Slimane, Bey anaimba nini?"

"Anaimba vizuri, Ami Rezki! Mashallah!"

Safari hii nilimtazama midomo. "Sikukuuliza kama anaimba vizuri. Nimekuuliza anaimba nini."

Akautazama wembe. Akamtazama mteja. Mteja akafumba macho kama anakaribia kukata roho.

"Slimane. Kwa roho ya mama yako."

Akaweka wembe chini, akanisogelea sikioni akapiga kelele hadi wapita njia wakageuka: "Anapika, Ami Rezki! Anapika maharage!"

Mteja akacheka na povu lote, Slimane akataka kumpiga kwa taulo. Mimi nilitoka bila kucheka. Nilicheka nilipofika ghorofa ya pili, nikalazimika kukaa kwenye ngazi.

Ukadhani nitajificha? Humjui mjomba wako. Nilimwambia Slimane asimwambie mtu kwamba nimejua, na mteja wake amzuie. Ijumaa ya mkutano nikavaa koti la harusi, nikabeba tundu hadi mkahawani. Kiti changu kilikuwa kimewekwa mto. Wanaume wote wamepanga vikombe, hakuna anayenitazama usoni. Nikasema, "Leo sikai hapo. Leo ninaleta ndege, ninyi ndio mtaniambia mnachokisikia." Nikamtundika Bey, nikaondoa kitambaa. Nikaona koo linacheza, nikaona vichwa vyote vinazama kwenye kahawa, mzee mmoja anahesabu punje za sukari. Alipomaliza nikapiga makofi nikasema, "Haya mabwana, nawaweni mikono, chakula kimeiva!"

Kwanza hakuna aliyethubutu. Kisha mmoja mabega yakaanza kutikisika, na mkahawa wote ukapasuka. Kicheko kile nilikisikia, mwanangu. Kilikuwa kikubwa kiasi hicho.

Nikawaacha wakatulia, kisha nikawaambia na yangu. "Mwaka mzima mmeniinamia. Nani kati yenu aliombwa heshima? Binti mmoja yuko Adrar na mbuzi, ndiye aliyeniheshimu." Kiti nimekiacha kama nilivyoapa, nimempa Slimane kwa sharti moja: asimwambie mtu "anaimba vizuri" kama haimbi vizuri. Tayari ana maadui wanne, anafanya kazi safi.

Hospitali nilikwenda siku iliyofuata. Wamenipa kifaa cha kuvaa nyuma ya sikio, kinakoroma kama kina mafua. Daktari ni kijana mpole. Aliniambia sikio moja limekwisha, la pili lina kidogo. Nikamwambia sikio la kufa halisikii dawa, basi tumpe huyu mgonjwa wa pili. Kitu cha kwanza kusikia kilikuwa viatu vyangu. Sikujua vinalia. Kisha bahari. Kisha Zoubida kwenye ngazi, na nimegundua kwamba muda wote huu alikuwa anamgombeza mumewe kwa haki kabisa.

Nikaunga waya. Nikaweka Pasha. Sitakudanganya, kwa kuwa wewe hukunidanganya. Si Pasha. Kupitia kifaa hiki anasikika kama kijiko ndani ya kopo la bati, na kile kipande cha maji yanayodondoka hakimo tena. Hilo limeniuma na litaendelea kuniuma. Nilimsikia vizuri zaidi redio ilipokuwa bubu. Lakini mwishoni alikuja Tassadit, na yeye kopo la bati halikumweza. "Rezki, kahawa inapoa." Na ukali wake ule ule! Kumbe kwenye kumbukumbu nilikuwa nimemfanya mpole. Nililia pale jikoni, nikanyanyuka kweli nikaenda kunywa kahawa.

Bey je? Wa mkahawani waliniambia nimpe jirani, nitafute mwingine wa kufundisha. Thubutu! Nilimsikiliza kwa makini, kama mwamuzi. Psss, tik-tik-tik, na ule mfuniko mwishoni. Hakuacha kitu. Alifundishwa maharage, akashika maharage, hana kosa hata moja. Zoubida aliposikia habari alishuka, akasimama mbele ya tundu mikono kiunoni, akasema, "Huyu ndiye mwanaume wa kwanza katika jengo hili kunisikiliza." Sasa ananiletea bakuli kila Jumamosi. Nimenenepa. Mwambie mama yako, mimi ataniambia nimekonda.

Kuhusu kusoma mwisho kwanza, nimefikiri. Kwenye vitabu bado ni tabia mbaya. Kwenye barua, kwa mtu unayempenda, nimeona kuna siku yake.

Mjomba wako,
Rezki

Na wewe uliyeanzia hapa chini, maana nakujua: Ijumaa ya pili ya Ramadhani, alasiri, piga simu dukani kwa Slimane. Kurasa za kwenye kopo la sukari nitakuwa nazo mfukoni, nikusomee nani aliyemkunja yule mtu ndani ya zulia. Nitapokea mwenyewe. Sasa rudi juu uanze upya.